Nimeweka mizinga 6 kwenye shamba la pesheni, matunda ndio yamezidi kupungua. Nani hasa anachavusha?

MzeeWaWaya #1
Wakuu salama. Nina heka moja na nusu ya pesheni ya njano huku Muheza, waya zimekaa vizuri, msimu wa kwanza sikulalamika. Msimu huu maua ni mengi mpaka wapita njia wanasimama kupiga picha, ila ua likishafunga siku ya pili ya tatu kikonyo kinakuwa cha njano halafu chini. Natembea shambani nakanyaga maua tu. Jamaa mmoja akaniambia tatizo ni uchavushaji tafuta nyuki, nikatundika mizinga sita, mitano ikaingia nyuki ndani ya mwezi. Sasa hivi saa nane mchana ukienda nyuki wamejaa kwenye maua kama wamealikwa harusi. Na matunda yamepungua kuliko kabla sijaweka mizinga! Hata hayo machache ni mepesi, unapasua unakuta juisi ya kijiko. Hivi nyuki kweli ndio wanaochavusha pesheni au tunadanganyana?

Kibuyu Tupu #2
Uzi wa nyuki mimi nakaa karibu na mlango. Ila asali ikipatikana nistue.

BwanaBusta #3
Mkuu hiyo ni boroni. Maua kupukutika asilimia kubwa ni upungufu wa madini ya boroni na kalsiamu, piga busta (mbolea ya kupuliza kwenye majani) yenye boroni wakati vitumba vinaanza, rudia baada ya wiki mbili. Mambo ya nyuki ni ziada.

dada_mbegu #4
@BwanaBusta wewe kila uzi boroni, juzi mtu kauliza kuhusu kuku ukamwambia boroni.
@MzeeWaWaya maswali mawili. Unapiga dawa saa ngapi? Na miche uliitoa wapi, ni ya mbegu za matunda tofauti au umekata vipando kwenye mche mmoja?

MzeeWaWaya #5
@dada_mbegu dawa kijana anapiga akimaliza kazi nyingine, saa saba hivi mpaka tisa, ya kuua wadudu mafuta na thiripi. Miche, hapo umenigusa, nilikuwa na mche mmoja nyumbani unazaa balaa nikakata vipando vingi, mingine kidogo nikapewa na jirani.

dada_mbegu #6
Basi una matatizo mawili tayari na hujafika kwa nyuki. Pesheni ya njano inafungua ua kuanzia kama saa sita mchana na inafunga usiku. Ile ya zambarau ndio inafungua alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Wewe unapiga sumu saa ambayo ua liko wazi na mgeni yuko mezani. La pili, pesheni ya njano haikubali chavua yake mwenyewe. Vipando vya mche mmoja vyote ni mtu yuleyule, ni sawa na kumuoza mtu kwa kivuli chake. Chavua itoke mche mwingine wenye asili tofauti.

MzeeWaWaya #7
Mbona msimu wa kwanza ulizaa na vipando ni vilevile?

Mama Karakara #8
Hodi kutoka Kilifi. Sisi tunayaita makarakara, na nimeyalima tangu kijana wangu wa kwanza hajazaliwa, sasa ana ndevu.

Nataka umwangalie yule nyuki wako vizuri badala ya kumuona amejaa ukafurahi. Kaa chini, shika ua moja lililofunguka. Utaona katikati kuna nguzo, kwenye nguzo kuna vijifuko vitano vya chavua vinaangalia chini, na juu yake kabisa kuna vile vitatu vya kike vimetawanyika kama pangaboi. Ua likifunguka vile vya kike vinakuwa vimesimama juu, baada ya saa moja hivi vinainama taratibu mpaka vinafika usawa wa vijifuko. Sasa asali iko chini kwenye shina la nguzo. Mdudu mkubwa akitua kunywa, mgongo wake unagusa vijifuko anajipaka unga, akienda ua lingine mgongo uleule unagusa vya kike. Nyuki wa asali ni mdogo. Anapita chini ya dari kama mtoto anavyopita chini ya meza, anakunywa anaondoka, mgongo haujagusa kitu. Mbaya zaidi ananing'inia kwenye vijifuko anakomba unga wote anapeleka mzingani. Mgeni anayestahili akija anakuta sahani imeshalambwa.

Anayestahili ni nyuki wa mbao, lile dude jeusi kubwa linalovuma kama pikipiki na kutoboa mbao za nyumba. Hilo ndilo mwenye kazi. Baba @MzeeWaWaya, umeleta wezi sita nyumba sita.

Kibuyu Tupu #9
"Umeleta wezi sita nyumba sita" 😂😂 mzee katoa hela akanunua majambazi

Fundi Kenchi #10
Ngoja ngoja. Lile dude jeusi?? Mimi ni fundi paa, hao nimewaua mpaka nimechoka. Wanatoboa kenchi tundu la duara safi kama umepiga drili, chini unakuta unga wa mbao. Mteja akiwaona anakwambia fundi umeniuzia mbao mbovu. Nachukua sindano ya dawa naziba na msumari. Kumbe naua wafanyakazi wa watu?

MzeeWaWaya #11
Wakuu mmenitoa jasho. Mwaka jana tulikuwa na banda la zamani la mbuzi pembeni ya shamba, nguzo zake zilikuwa na matundu kama filimbi. Nilibomoa nikachoma kuni nikajenga la tofali. Msimu wa kwanza banda lilikuwepo.

dada_mbegu #12
😳 Hapo sasa.

BwanaBusta #13
Msikimbilie. Mbao zimechomwa, sawa, lakini pia msimu huu mvua imenyesha mchana mara ngapi? Chavua ya pesheni ikiloa inapasuka. Mvua ya saa nane ikipiga maua ya siku hiyo yote hasara, awe nyuki mweusi, mweupe au wa bluu. Na boroni nimeinyamazia tu, sijaifuta.

Chavua254 #14
Niko Meru, hapa sisi ni purple mostly, tunapandikiza juu ya mzizi wa yellow kwa sababu ya fusari, ugonjwa wa kunyausha mimea. Yetu inaweza kujichavusha kiasi kwa hivyo nyuki wa kawaida anasaidia kidogo, si hasara kabisa. Lakini @Mama Karakara ameongea ukweli, hata kwetu lile kubwa likipita unaona tofauti kwa uzito. Kila mbegu ndani ya tunda iko na kifuko chake cha juisi, na mbegu inatokana na punje ya chavua iliyofika. Chavua kidogo, mbegu kidogo, juisi kidogo. Tunda jepesi si mbolea, ni ziara haikutosha.

Mkulima wa Simu #15
Ndio maana Einstein alisema nyuki wakiisha binadamu ana miaka minne tu. Na China nyuki wameshaisha watu wanapanda miti na brashi kuchavusha kila kitu. Tunaelekea huko.

Mwl. Mstaafu #16
@Mkulima wa Simu mjukuu wangu, hakuna ushahidi wowote kwamba Einstein alisema hayo, alikuwa mtu wa fizikia. Na China wanaochavusha kwa mkono wanaozungumziwa sana ni wakulima wa mapeasi wa Hanyuan, Sichuan, na hata pale dawa ni sababu mojawapo tu, kuna pia suala la aina ya mapeasi isiyoshika bila chavua ya aina nyingine. Si China yote wala si kila kitu. Mahindi, mpunga na ngano vinachavushwa na upepo au vinajichavusha, ugali utabaki. Ila utaula na nini ndilo swali, maana aina za mazao yanayopata msaada wa wadudu na wanyama wengine ni kama robo tatu ya mazao makuu ya chakula duniani, ingawa kwa uzito wa mavuno ni kama theluthi moja.

Mkulima wa Simu #17
Shikamoo mwalimu. Nimefuta status.

Kibuyu Tupu #18
Ugali na chumvi. Tumeshawahi.

Mtu wa Kyela #19
Nyie mnabishana nyuki mkubwa nyuki mdogo, sisi kakao yetu hata nyuki haingii. Ua la kakao ni dogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, linaota kwenye shina, anayelichavusha ni vijinzi vidogo mno kama usubi, ukipumua vinapotea. Mti mmoja maua maelfu na yanayokuwa tunda hayafiki hata matano katika mia. Na hivyo vijinzi vinazaliana kwenye uchafu, majani yaliyooza, vigogo vya migomba vilivyokatwa vikawa tope. Marehemu babu alikuwa anakata mgomba anauacha palepale chini ya mikakao, sisi vijana tukaja na usafi wa shamba tukafagia mpaka udongo unang'aa. Siwezi kusema mavuno yalishuka kwa sababu hiyo tu, kuna na ugonjwa wa maganda kuoza, lakini nimerudisha vigogo.

dada_mbegu #20
@Mtu wa Kyela hiyo ya vigogo vya mgomba imeandikwa sana kwenye tafiti za kakao za Afrika Magharibi na kwingine. Babu alijua.

Afisa Mstaarabu #21
Salaam. Mimi ni ugani, sitasema wapi. Naomba turekebishe jambo moja. Watu wanasema "nyuki wa kufugwa" na "wa porini" kama huko Ulaya. Kwetu nyuki wa asali naye ni wa porini, hatujamzalisha, unatundika mzinga anaingia mwenyewe, akichukia anahama hata barua haachi. Kwa hiyo @MzeeWaWaya mizinga yako haikuleta nyuki wapya duniani, imewasogeza tu karibu. Na si adui kwenye kila zao. Alizeti Singida na Dodoma wanamhitaji, parachichi wanamhitaji pamoja na mainzi, tikiti hivyohivyo. Tatizo ni kumpa nyuki mmoja kazi ya kila ua.

Kuna utafiti ulitoka 2013 kwenye jarida la Science, walikusanya mashamba kama 600 ya mifumo 41 ya mazao kutoka mabara karibu yote. Walikuta ziara za wadudu wa porini zikiongezeka, maua yanashika matunda mara mbili kuliko ziara za nyuki wa asali zikiongezeka kwa kiasi kilekile. Na nyuki wa asali hawakuziba pengo la wale wengine, waliongezea tu juu yake.

BwanaBusta #22
Hayo mazao 41 pesheni ilikuwemo? Kahawa yenyewe arabika inajichavusha.

Afisa Mstaarabu #23
Inajichavusha, ndio, na bado nyuki wanaongeza. Kilimanjaro walifunika matawi ya kahawa kwa nyavu, wengine wakaacha wazi, matokeo yakatoka 2014. Penye ndege na popo wa kula wadudu waharibifu matunda yaliyoshika yaliongezeka kama asilimia 9, na penye nyuki uzito wa tunda uliongezeka kama asilimia 7. Asilimia 7 ya gunia uliyoipata bila kununua kitu.

Chavua254 #24
Na bilinganya. Nguruman kule Kajiado walichunguza nani anachavusha, wakakuta ni nyuki wa porini, mmoja wao ni hilo dude jeusi la mbao. Ua la bilinganya na la nyanya limefunga chavua ndani kama chumvi kwenye chupa, tundu liko kwenye ncha. Hilo dude linakumbatia ua linatetemesha misuli ya kifua, vuuum, chavua inamwagika. Nyuki wa asali hajui kutetemesha hivyo, anaangalia tu. Ndio maana kwa greenhouse watu wanagonga waya asubuhi ama kutikisa mimea.

Fundi Kenchi #25
Kwa hiyo mdudu anakuja na vaibreta yake kama ya zege. Heshima.

Kibuyu Tupu #26
Fundi ameanza kulia.

Mama Michikichi #27
Kigoma tupo. Watu walidhani mchikichi unachavushwa na upepo, mpaka Malaysia walikokwenda kuulima wakawa wanaajiri watu kumwaga chavua kwa mkono kila siku. 1981 wakachukua kidudu kidogo cha jamii ya fukusi kutoka Cameroon, kinachoishi kwenye maua ya dume ya mchikichi, wakakiachia kule. Kazi ya mkono ikaisha. Sisi Afrika tunavyo bure siku zote na hatujui jina lake.

Mkulima wa Simu #28
Na vanila ya Bukoba nayo vipi, mbona mjomba wangu anaamka alfajiri na kijiti?

Mama Michikichi #29
Vanila ni kinyume. Yenyewe imetoka Mexico na huku mdudu wa kuiweza hayupo, ndio maana unaona kijiti. Ujanja huo uligunduliwa na kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kule Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841. Mpaka leo dunia nzima inatumia mkono ule.

MzeeWaWaya #30
Wakuu tumefika Mexico na mimi bado nakanyaga maua Muheza 😅 Asanteni lakini. Jana nimekaa shambani saa saba mpaka kumi kama alivyosema Mama Karakara. Nyuki wa asali siwezi kuhesabu. Dude jeusi limekuja mara mbili tu, na moja ni la njano lina manyoya, likawa linasimama hewani mbele ya uso wangu linaniangalia nikakimbia.

Mama Karakara #31
La njano lenye manyoya ni dume, kwa aina nyingi dume ndivyo alivyo. Halina mwiba kabisa, linajifanya kutisha tu, kama wanaume wengi. Jike ndilo jeusi, na lenyewe haliumi mpaka ulishike mkononi.

Kibuyu Tupu #32
Wanaume tumefanya nini tena kwenye uzi wa pesheni

Ndugu wa Lindi #33
Mimi nina korosho na kero yangu ni tofauti. Tunao majimoto, wale siafu wa juu ya miti wanaoshona majani. Wanasaidia kufukuza mbu wa mikorosho, hilo nimeliona. Lakini jirani anasema wanafukuza na nyuki kwenye maua. Halafu tunapuliza salfa ya ugonjwa wa ubwiri unga wakati uleule maua yako wazi. Nani anachavusha korosho hapo katikati, upepo?

BwanaBusta #34
Upepo.

dada_mbegu #35
Chavua ya korosho inanata, upepo hauibebi vizuri. Ni nyuki, mainzi, nyigu, sisimizi nao wanasingiziwa. Majimoto sijui kama wanafukuza kiasi cha kuumiza, nimeona mikorosho imejaa majimoto na inazaa.

Ndugu wa Lindi #36
Mimi nimeona imejaa majimoto na haizai. Tumetoka sare.

Afisa Mstaarabu #37
@MzeeWaWaya tusikupoteze. Fanya hivi. Chukua maua ishirini leo saa tisa hivi, vya kike vikishainama, yachavushe kwa mkono, toa unga mche wa jirani upake vile vitatu kwa kidole, funga uzi mwekundu. Ishirini mengine yaache kama yalivyo, funga uzi mweupe. Brazil wakulima wa pesheni wanachavusha kwa mkono kila mchana penye upungufu wa hao nyuki weusi. Baada ya wiki moja hesabu. Ukiona nyekundu zimeshika na nyeupe hazijashika, boroni si tatizo, maana ni mche uleule. Na dawa hamishia usiku ua likishafunga, au asubuhi mapema, na usome kibandiko, dawa za wadudu zenye sumu ya imidaklopridi Ulaya wamezipiga marufuku kwenye mashamba ya wazi tangu 2018 kwa sababu ya nyuki.

Mwl. Mstaafu #38
Angalia pia kama vya kike vinainama kweli. Kuna maua ya pesheni ambayo vinabaki vimesimama juu, hayo hata mdudu awe mkubwa kama kuku hafiki, yataanguka.

MzeeWaWaya #39
Marejesho wakuu, siku tisa. Nyekundu 20, zimeshika 13. Nyeupe 20, zimeshika 3. Ila: siku ya pili mvua ilinyesha saa nane, mbuzi alikula uzi mmoja na ua lake, na mdogo wangu naye akafungua nyeupe mbili akidhani ni takataka. Pia dawa sikupiga wiki hiyo.

dada_mbegu #40
13 kwa 3! Chavua ya mche wa jirani hiyo. Nimekwambia vipando.

Mama Karakara #41
Mkono umefanya kazi ya dude jeusi. Nimekwambia banda.

BwanaBusta #42
Nyekundu saba mbona hazikushika na zimepakwa kwa mkono? Mvua, na boroni. Mtanikumbuka.

Afisa Mstaarabu #43
Panda miche ya mbegu kutoka kwa watu watatu tofauti kati ya mistari, sogeza mizinga mbali na shamba, weka magogo makavu laini pembeni. Vyote vitatu. Shida ni kwamba ukifanya vyote kwa pamoja hutajua kipi kilikusaidia.

MzeeWaWaya #44
Kujua sitaki, nataka pesheni. Magogo ya mti gani?

Chavua254 #45
Yoyote mkavu asiyekuwa mgumu sana. Huku wanapenda fito za zamani na mlonge mkavu, usipake oili chafu. Na kuwa mpole, hawazaliani mbio kama nyuki wa asali, jike moja watoto wachache kwa msimu. Usitegemee mwaka huu.

Fundi Kenchi #46
Mzee mimi niko Korogwe, kuna nyumba nabomoa paa wiki ijayo, kenchi zimejaa matundu na wenyewe wako ndani wanavuma. Mwenye nyumba anataka zichomwe. Nikikuletea usiku wakiwa wamelala utalipa usafiri?

MzeeWaWaya #47
Njoo PM sasa hivi.

Kibuyu Tupu #48
Asali ya ile mizinga mitano inayohamishwa iko wapi, naona imesahaulika kwenye mjadala.